Dirisha la Bonde la Saba

Bunia, tarehe 12 Januari 2025

Kwa leki wangu, mdogo wangu Godelive,

Salamu za kwanza ni za mama, kwa sababu ndiye aliyenikalisha kitini akaniambia niandike. Zangu zitafuata nikishapoa. Siye huku tuko wazima kadiri Bunia inavyomruhusu mtu kuwa mzima. Magoti ya mama yanamsumbua wakati wa mvua, na wakati wa jua yanamsumbua kwa kukumbuka mvua. Binamu yetu Clarisse amezaa mapacha, na baba yao amekwisha kuniuliza kama wewe unaweza kumtafutia kazi Ulaya, kana kwamba mapacha ni diploma. Mimi naendelea na gazeti langu la kurasa nne. Wasomaji wamepungua lakini maadui wameongezeka, kwa hiyo nahesabu mwaka haukuwa mbaya.

Tangu ulipotoka kwenye kikundi cha familia bila kuaga na kubadili namba yako, sina njia ya kukufikia ila anwani iliyo nyuma ya kadi ya Noeli uliyomtumia mama. Barua hii inasafiri na Katsuva, muuza samaki. Atavuka nayo ziwa kutoka Kasenyi hadi Ntoroko na kuitia posta akifika Kampala. Ikikufikia na harufu, mshitaki yeye.

Sasa jambo lenyewe. Unaukumbuka mchezo wa Mabonde Saba. Hauwezi kuusahau, wewe ndiye uliyeuleta kwetu: watu walio mbalimbali wanaingia kwa kompyuta, kila mmoja anapewa kilima, ng'ombe na mahali pa kujenga. Watu wa kijiji chetu cha Fataki waliotawanyika kwa vita wakatwaa bonde la saba na kulijenga likafanana na kwetu, na parokia yake, na soko lake, na mikaratusi ya barabarani, na nyumba ya baba. Kisha mwaka 2021 kampuni ikazima mashine zake na kuwaandikia wachezaji sentensi moja: asanteni kwa safari hii nzuri. Ni dereva anayekushusha katikati ya msitu wa Mambasa na kukushukuru kwa kupanda gari lake.

Basi jua ya kwamba bonde limerudi. Hortense, yule fundi wa minara ya simu, alikutana mtandaoni na watu wa Poland na Brazil ambao nao walikuwa wanaulilia mchezo huo. Watu hao hawajawahi kuona ng'ombe wa kwetu hata kwenye sahani. Pamoja wametengeneza seva yao wenyewe, yaani mashine inayojibu pale ambapo mashine ya kampuni imeacha kujibu. Ramani ya bonde waliiokota vipande vipande kwenye kompyuta za wachezaji wa zamani. Kwa kuwa umeme wa Bunia unakuja na kuondoka kama mgeni wa serikali, wamekodi nafasi kwenye mashine iliyo Ujerumani. Mwaka wa pili sasa, kila Jumapili baada ya misa, watu wanakuja kwa Hortense, wanaweka viti mbele ya ukuta mweupe, na wanaangalia nyumbani. Fataki yenyewe hatujairudia.

Nami nimo. Ndiyo, mimi. Cheka, ukimaliza endelea kusoma. Yaliyoandikwa zamani yameandikwa zamani. Nyumba ya baba ilipokosekana kwenye vipande, niliijenga upya kwa mikono yangu, kwa kumbukumbu yangu. Mama anakaa kiti cha mbele na kulaumu. Pembe za ng'ombe, anasema, ni fupi. Na dirisha la jiko, anasema, liko upande mbaya. "Ile dirisha haikukuwa huko, Nico. Mi nilipika mule miaka makumi tatu." Nimemweleza kwa utulivu kwamba lilikuwa magharibi. Bado tunaelezana.

Lakini wiki iliyopita Hortense amepokea barua pepe kutoka kwa mawakili wa kampuni. Seva yetu ni wizi, wanasema, na karatasi rasmi inakuja. Fikiri kidogo. Wamechinja ng'ombe, wametupa nyama jalalani, na sasa wanatushitaki kwa kuwa tumeinamia jalala. Mawakili wenyewe wako katika mji wako. Mama anataka kujua kama unawafahamu. Mimi nataka kujua kwa nini hauingii bondeni, wakati milango iko wazi na watu wote wa zamani wamerudi isipokuwa wewe.

Kaka yako,
Nicolas


Brukseli, tarehe 20 Februari 2025

Yaya Nicolas,

Kaka yangu, barua yako imefika na harufu. Nimeisoma dirishani.

Mwambie mama nimepata dawa ya magoti, ya kupaka, nitamtumia na mtu anayekuja Kampala. Apake asubuhi, asiipake ukutani kama ile ya mwaka juzi. Mpe Clarisse pongezi, na baba wa mapacha umwambie kwamba Ulaya imejaa wababa. Mimi niko salama. Theluji imeanguka mara moja na kuyeyuka siku hiyohiyo, kama vile imeona imekosea anwani. Kazi ipo. Ni kazi ya kuandika. Haina hadithi.

Kuhusu bonde nitasema machache.

Sijui kwa nini mama anafikiri Brukseli ni soko moja ambamo kila mtu anamfahamu mwenzake. Lakini kwa kuwa umeniuliza, nakujibu kama mtu anayesoma magazeti. Mkipokea bahasha ndefu ya kijivu yenye karatasi ya kutia sahihi, usiitie. Usiifungue, usiipige muhuri, usimjibu aliyeituma. Iweke chini ya godoro la mama na uketi kimya. Najua nakuomba jambo ambalo hujalifanya tangu ubatizo wako, lakini jaribu mara moja.

Unaandika kwamba yaliyoandikwa zamani yameandikwa zamani. Mimi bado ninayo ile makala uliyoiandika mwaka 2021. "Taifa Linalochunga Ng'ombe Wasio na Mavi." Ukurasa wa kwanza, safu tatu. Ulitufananisha na mjane anayemlisha mume aliye kwenye picha. Ilikuwa na sentensi nzuri, nakubali. Sasa nasikia wewe ndiye unayefyagia zizi. Hongera. Usinieleze ulifikaje huko, mimi sikuuliza.

Nisalimie Hortense. Huyo ana akili, na hasemi.

Godelive


Bunia, tarehe 9 Machi 2025

Leki Godelive,

Jibu lako halijafika, lakini sitangojea, kwa sababu ninayo habari ya kufurahisha moyo. Mama anakusalimu. Mvua imeanza mapema, barabara ya Fataki imekatika tena, na mapacha wa Clarisse wamepata majina ambayo sitayaandika, maana naamini yatabadilishwa wakiwa na akili. Jirani yetu Antoine amefiwa na mbuzi na ametaka tukae matanga. Tumekaa saa moja.

Karatasi imefika.

Nilikuwa kwa Hortense siku ya Alhamisi. Katsuva akaingia amebeba kapu la makayabo, wale samaki wa chumvi, begani, na mkononi bahasha ndefu ya kijivu. Kumbe kule Kampala, ofisi ya vifurushi walikuwa wanaiangalia hiyo bahasha mwezi mzima bila kujua wampe nani. Wamemwona Katsuva anaposti barua zangu, wakamwambia: si weye unaendaka Bunia, basi beba na hii.

"Muzee Nico," akasema, "weka signature hapa, samaki yangu iko pa jua."

"Ni nini?"

"Mi sijue. Inanuka bureau, mambo ya ofisi."

Hortense hakuinua kichwa kutoka kwenye waya zake. "Yaya, usiguse hiyo kitu. Tuiache ikae."

"Hortense, mtu akinitukana kwa maandishi, namjibu kwa maandishi."

"Hawakukutukana. Wanaomba tu signature."

"Ndiyo matusi yenyewe. Wanafikiri tutaogopa kuitoa."

Basi nikaichana bahasha, na karatasi iliyokuwa ndani nikaitia sahihi. Jina kamili, la ubatizo na la ukoo, na muhuri wa gazeti, na chini yake cheo: Rais wa Kamati ya Bonde la Saba. Cheo hicho kilikuwa na umri wa dakika nne. Hortense alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye waya zake. Nadhani aliguswa.

Sasa nikusomee kidogo, kwa sababu mwandishi wa barua hii si mjinga, na ni raha kupigana na mtu asiye mjinga. Anaanza kwa kutusifu: "uaminifu wa jumuiya yenu, ambao kampuni inautambua kwa heshima." Halafu ndipo anatoa fimbo: mtazima seva katika siku tisini, na siku hizo zinahesabiwa tangu mhusika mwenyewe atie sahihi kwa mkono wake na sahihi hiyo irudi ofisini kwetu. Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Unamkumbuka baba darasani? Kwanza anausifu mwandiko wako, anauonyesha hata kwa wenzako, halafu anakuambia nyosha mkono. Baba angempa wakili huyu kumi na nane juu ya ishirini, na mbili angezishika kwa sababu ni mtu wa upande wa pili.

Nimemwandikia jibu la kurasa kumi na moja. Nimemuuliza ni mali gani ile ambayo mwenyewe ameizika, akacheza juu ya kaburi lake, na anaikumbuka tu siku anapoona wengine wameifufua. Nimemuuliza kama watu waliopoteza kilima mara moja kwa panga wanapaswa kukipoteza mara ya pili kwa karatasi. Nimemuuliza analala vipi. Ukurasa wa saba unamhusu yeye binafsi, na sijawahi kuandika vizuri hivyo.

Ndani ya barua hii utakuta bahasha nyingine, ina jibu langu na ile karatasi niliyoitia sahihi. Nakuomba uipeleke kwa mikono yako hadi ofisi yao, maana siiamini posta ya nchi yoyote. Mtaa nimeuandika juu yake. Mama anasema hauwezi kupotea, kwamba wewe mwenyewe unafanya kazi kwa ma-avoka, yaani mawakili, lakini mama anamwita avoka kila mtu mwenye koti.

Simama wima unapowapa. Ikiwezekana, umtazame aliyeandika.

Kaka yako na Rais wako,
Nicolas


Bunia, tarehe 27 Aprili 2025

Godelive,

Mama anakusalimu, dawa imefika, anaipaka magotini. Hayo ndiyo ya salamu.

Jana Katsuva ameniletea barua yako ya Februari. Imekaa Kampala, imekaa Ntoroko, imekaa ndani ya kapu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa chini.

Bahasha ndefu ya kijivu, umeandika. Karatasi ya kutia sahihi, umeandika. Mimi Januari nilikuambia karatasi inakuja. Rangi sikukuambia, maana sikuijua. Urefu sikukuambia. Habari ya sahihi haikuwa katika barua pepe ya Hortense, nimerudi nikaisoma mara tatu nikitumaini kwamba ilikuwamo. Gazeti gani huko kwenu linachapisha rangi ya bahasha kabla haijatumwa?

Halafu nikamkumbuka baba, sifa kwanza na fimbo baadaye, kama ile karatasi ilivyoandikwa. Darasani kwake tulikuwa wanafunzi thelathini, lakini wawili tu ndio waliokula chakula chake.

Nimetafuta neno la kukuita. Unajua nina mengi, ni kazi yangu, ninayapanga kwenye rafu kama Hortense anavyopanga betri. Nilichukua moja, nikaona limeshatumika kwa gavana. Nilichukua jingine, nikakumbuka nililitumia kwako mwaka 2021, katika safu ya pili. Nimeliacha.

Lakini nitauliza, na utanijibu wazi. Mama anakaa kiti cha mbele kila Jumapili. Haoni vizuri, haelewi seva, haelewi kampuni. Anachoelewa ni kwamba pale ukutani pana nyumba yake, na kwamba jikoni mna giza kwa sababu ya dirisha langu. Ni wewe uliyeandika kwamba nyumba hiyo izimwe? Uliandika na mkono gani?

Hortense anasema nakala ya bonde tunayo, tutatafuta mahali pengine. Hilo analisema kwa ajili yangu. Alipofikiri simsikii aliwaambia watu wa Poland kwamba hakuna mwenye mashine atakayetupokea akijua tumefukuzwa kwingine. Anasema pia kwamba kule Ujerumani hawawezi kutufukuza bila ile karatasi yenye sahihi. Amelisema hilo akitazama waya zake. Hakusema sahihi ya nani. Nimekaa kimya siku nzima, na mama amemtuma mtoto wa jirani kuuliza kama mimi ni mgonjwa.

Usimjibu Rais. Nijibu mimi.

Nicolas


Brukseli, tarehe 2 Juni 2025

Yaya Nicolas,

Mpe mama salamu, na umwambie miguu yangu mimi ni mizima, kwa sababu najua ataniuliza kama nimerithi. Hapa jua limefika. Watu wamelala kwenye majani ya bustani na nguo kidogo, kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Ndiyo. Ni mimi niliyeandika, kwa mkono wa kuume.

Nimeajiriwa kuandika Kifaransa ambacho mawakili hawana subira ya kukiandika. Faili inakuja mezani, natengeneza barua, wao wanatia jina. Novemba ilikuja faili moja, nikaifungua, ndani yake pana picha ya parokia ya Fataki. Walikuwa wameipiga kutoka kwenye seva yenu. Nyuma yake, karibu na mikaratusi, niliona paa la baba.

Nilikuwa na njia tatu. Ningeikataa faili, ingepewa mwenzangu wa meza ya pili, kijana mwepesi sana, na seva yenu ingezimwa kabla ya Noeli. Ningeacha kazi, na bado angepewa yeye. Au ningeandika mwenyewe. Wao walitaka barua pepe itoshe. Niliwaambia kwa adabu kwamba wenye mashine kule Ujerumani hawatakubali kumzima mteja mpaka waone karatasi aliyoitia sahihi kwa mkono wake. Hilo ni kweli. Wakanisifu kwa uangalifu wangu. Sentensi ile unayoicheka, ya sahihi ya mkono, niliijenga siku mbili kama baba alivyojenga boma. Nimezaliwa Ituri. Najua hakuna tarishi wa dunia hii anayefika mtaani kwenu Mudzipela na bahasha ya kijivu. Ingekaa Kampala mpaka ioze, siku tisini zisingeanza kamwe, na mimi ningeendelea kuwaambia wakubwa wangu, kwa masikitiko, kwamba tunasubiri.

Sikumhesabu Katsuva. Wala sikumhesabu mtu anayebuni cheo asubuhi ili apate kukitilia sahihi kabla ya chakula cha mchana. Boma lilikuwa zima, yaya. Ni wewe uliyelifungua kutoka ndani, na muhuri ukapiga.

Kurasa zako kumi na moja nimezisoma. Ni nzuri. Zina makosa kumi na manne, nimeyapigia mstari. Ukurasa wa saba nimeusoma mara nyingi kuliko mingine. Umeniuliza nalala vipi. Nalala vibaya, tangu Novemba.

Bahasha iko wapi, usiulize. Wenzangu wameniuliza mara mbili kama jibu kutoka Bunia limefika ofisini. Nimewajibu kwamba ofisini halijafika. Hilo ni kweli kabisa, unaweza kulichapisha. Hapa nyumbani kuna kitu kimoja kinachonuka samaki, na mtu mmoja tu anayejua. Wakikijua wawili, nitatafuta kazi pamoja na baba wa mapacha.

Sasa na mimi nataka jambo, kwa kuwa tunajibizana wazi. Siku kampuni ilipozima mashine, nilikuwa nimesimama uani kwa baba. Ilikuwa saa saba mchana. Nilikuwa nimewaandikia wote kwenye kikundi: njooni tuagane na nyumba. Wewe ulijibu kwa kubandika makala yako. Watu sita wakaweka vile vichwa vinavyocheka. Nilibaki pale na ng'ombe, nikawapitia mmoja mmoja kama wakati wa kuwafungia, mpaka kioo kikawa cheusi. Halafu nikatoka kwenye kikundi. Watu walisema nina kiburi cha Ulaya.

Sikuondoka kwa sababu ya kiburi.

Mwambie Hortense anifungulie mlango bila neno la siri, langu nimelisahau. Na dirisha la jiko lilikuwa mashariki. Nililiweka mashariki mimi mwenyewe mwaka 2016, na baba kabla yangu. Mama alikuwa anapata jua la asubuhi kwenye sufuria. Wewe haukuwahi kuingia jikoni, ungejuaje.

Godelive


Bunia, tarehe 20 Julai 2025

Leki wangu Godelive,

Mama anakusalimu, na safari hii mimi pia, kutoka mstari wa kwanza. Mapacha wanatambaa. Antoine amenunua mbuzi mwingine. Katsuva amekuja kuuliza kama kuna barua nyingine za bureau, maana sasa anajiona balozi. Nimempa chai na kumwambia kwamba bahasha yoyote ya kijivu atakayopewa Kampala, aitupe ziwani kabla ya kufika Kasenyi. Amekubali, lakini ameuliza kama ziwa nalo litatia sahihi.

Cheo cha Rais nimekifuta. Hortense amesema hakuna aliyegundua kwamba kilikuwepo.

Sasa nikusimulie ya Jumapili iliyopita. Tulikuwa tumekaa kama kawaida, watu kama arobaini, viti vya parokia, ukuta mweupe. Kuran ya umeme ilikuwa nzuri. Yves, yule mwalimu wa hesabu, alikuwa anapeleka ng'ombe wake mtoni, na mama alikuwa anamlaumu kuhusu pembe. Mara mtu akatokea njiani kando ya mikaratusi. Hakuna jina juu ya kichwa chake, Hortense alikuwa amelificha. Hakusalimia. Watu wa kiti cha nyuma wakaanza kunong'ona, maana kwetu hata kwenye mchezo mtu anasalimia.

Akapita parokia. Akapita soko. Akaingia uani kwa baba bila kubisha.

"Ni nani huyu asiye na adabu?" Yves akauliza.

Hortense akasema, "Muache."

Yule mtu akasimama jikoni, akautazama ukuta wa magharibi kwa muda mrefu. Kisha akalitoa dirisha langu. Akaziba tundu, tofali kwa tofali. Akazunguka nyumba na kwenda upande wa mashariki, akatoboa, akaliweka. Mchezo wenyewe una jua lake, na wakati huo ilikuwa asubuhi kule. Mwanga ukaingia mpaka kwenye sufuria.

Mimi nilikuwa na la kusema, kama kawaida, na nilikuwa nimeshafungua kinywa. Mama akaniwekea mkono juu ya goti, goti langu zima, si lake, akasema, "Nyamaza, Nico. Muache amalize."

Yule mtu akatoka, akawapitia ng'ombe mmoja mmoja, akakaa mlangoni. Alikaa mpaka tulipozima. Mama alikataa kwenda kula. Alipoinuka alisema maneno ambayo ameniambia niyaandike bila kuyapamba, nami nayaandika: "Mwambie jiko sasa inaonekana."

Siku tisini zangu zilikwisha zamani, ukihesabu tangu sahihi yangu. Hakuna aliyekuja. Hortense kila asubuhi anaijaribu seva, na kila asubuhi inajibu.

Kuhusu ile makala ya 2021, nimeitafuta kwenye rafu na kuisoma tena. Sentensi zake bado ni nzuri, na ni za uongo. Wiki hii nimetoa gazeti bila makala ya ukurasa wa kwanza. Nimeweka tangazo dogo, mistari miwili, kwamba mhariri alikosea kuhusu ng'ombe. Wasomaji wamefikiri ni kosa la uchapaji, wamepiga simu kuuliza nani anaumwa.

Na dirisha lilikuwa mashariki. Nakuandikia hilo kwa mkono wangu, na nalitia sahihi hapa chini, jina kamili, bila cheo wala muhuri. Liweke pamoja na kile kitu kinachonuka samaki. Usimwonyeshe mtu.

Kaka yako aliyekosea,
Nicolas